Baba anasema anasubiri siku yake tu: ni uzee au ni ugonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa mwisho katika familia yetu, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Baba ana miaka 76, yuko kijijini wilaya ya Newala, anaishi na kaka yangu, na shangazi yuko nyumba ya jirani. Mama alifariki mwaka juzi. Tangu msimu wa korosho uliopita baba amebadilika. Alianza kuacha swala ya jamaa, akasema miguu inamsumbua. Halafu akaacha bao, sasa anashinda ndani. Anakula matonge mawili matatu anasukuma sahani. Usiku halali, kaka anasema anamsikia akitoka nje mara kwa mara. Siku hizi anasahau sana. Mikorosho anasimamia kaka, na hela za mnada zinapita kwa kaka kwa sababu baba haoni vizuri kwenye simu. Nikimpigia anasema, "Mimi nimeshamaliza, nasubiri siku yangu tu, msihangaike na hela zenu." Kaka anasema ni uzee. Shangazi anasema karogwa kwa ajili ya mikorosho. Mimi nataka nimlete Dar nikae naye. Je, kukata tamaa huku ni uzee au ni ugonjwa, na nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba wa mama, maana naona bado haujaisha hapo nyumbani.

Kaka yako anasubiri jibu la swali la mwisho, basi nianze nalo: huo si uzee. Uzee unapunguza kasi ya miguu, unafupisha usingizi kidogo, unafanya mtu atafute jina la jirani kwa dakika nzima. Haumnyimi mtu ladha ya chakula wala haumfungii ndani. Hapo hapo Newala wako wazee waliomzidi baba yako umri, na siku ya mnada wanajikongoja na fimbo hadi kwenye chama cha msingi wasikie wenyewe bei imesomwaje. Mzee akiacha chakula, usingizi, watu na mazungumzo kwa pamoja, na hali ikaendelea miezi, tunatafuta chanzo. Kwa ulivyoeleza nashuku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, tena ile ya wazee, ambayo mara nyingi inakuja imefungamana na maradhi ya mwili. Kijana mwenye sonona atakuambia ana huzuni. Mzee atakuambia mgongo unauma, tumbo limejaa, chakula hakina ladha, miguu haina nguvu. Na huko kusahau unakokutaja kunaweza kutokana na sonona yenyewe, kwa hiyo msikimbilie kusema akili yake imekwisha.

Sasa hiyo kauli ya kusubiri siku yake. Kwa mzee mcha Mungu maneno hayo peke yake si dalili ya ugonjwa. Wazee wetu wengi wamenunua sanda, wamesema wazikwe wapi, wamelipa madeni yao, na bado asubuhi wanauliza mvua imenyesha upande gani na mjukuu kafaulu au la. Huyo amejiandaa, hajakata tamaa. Aliyekata tamaa hana swali la kesho. Ukimwambia binti wa fulani anaolewa, anasema "haya" na kugeuka upande wa ukuta. Sikiliza kwenye simu zako: mara ya mwisho baba kukuuliza yeye jambo lolote ilikuwa lini?

Lakini nilipotua zaidi ni kwenye mpangilio wa mambo ulivyouandika. Msikiti aliuacha kabla ya bao, na usiku anatoka nje mara kwa mara. Wewe umeiweka hiyo chini ya kukosa usingizi, na kaka naona kaichukua hivyo hivyo. Mwanamume wa miaka 76 anayeamka amka kwenda nje usiku, mimi nauliza mkojo kwanza. Tezi dume inapovimba, mkojo unatoka kwa shida, unachuruzika, haumaliziki, na wakati mwingine unadondoka kabla hajafika chooni. Kisukari nacho kinaleta kukojoa sana. Sasa fikiria mzee aliyezoea safu ya mbele, kanzu safi, ametawadha nyumbani, akifika mlangoni mwa msikiti anahisi unyevu. Udhu umevunjika, kanzu imeingia najisi, na watu wanamwona. Likimtokea hilo mara mbili tatu, miguu inaanza "kuuma". Akiacha msikiti anaacha na baraza baada ya swala, na bao lililo jirani na baraza, na kahawa. Kila kitu kinafuata kwa sababu ya jambo ambalo hawezi kumwambia bintiye, na pengine hata mwanawe wa kiume.

Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyo, sijampima. Ila hilo linapimika kabla ya jua kuzama, na lina tiba: uvimbe wa tezi dume mara nyingi si saratani, zipo dawa za kulegeza njia ya mkojo, na zikishindwa upo upasuaji. Usimuulize wewe. Mtume mtu wa rika lake, ikiwezekana mwenzake wa jando, au mpwa wake mtu mzima mwenye busara. Na upande wa dini, mwenye udhuru wa mkojo usiozuilika ana hukumu yake inayojulikana: anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatawadha wakati wa swala ukiingia, anaswali. Imamu wa kijiji atamweleza vizuri kuliko mimi. Nimeona wazee wanatoka na neno hilo la imamu wakiwa wepesi kuliko walivyotoka na dawa zangu.

Kwa hiyo safari ya kwanza ni hospitali ya wilaya, na aende na vitu vyote anavyotumia kwenye mfuko mmoja, za duka, za mitishamba, hata zile alizoachiwa na jirani. Waombeni wampime presha, sukari, wingi wa damu, mkojo, tezi dume, na malaria, maana mzee anaweza kuwa nayo bila homa kali. Usikivu pia: anayekaa barazani bila kusikia utani anaonekana amenuna. Kama kuna kitu kilichobadilika kwa ghafla, yaani jana alikuwa na akili zake na leo anaongea yasiyoeleweka, hajui mchana na usiku, hapo msingoje miadi, mpelekeni saa hiyo hiyo. Huko ni kuchanganyikiwa kunakoletwa na maambukizi, sukari kushuka, kukosa maji au dawa, na kunaua.

Macho nayataka yatazamwe safari hiyo hiyo. Umesema haoni kwenye simu kana kwamba ni jambo dogo, kumbe ndilo lililomtoa kwenye hela zake. Kama ni mtoto wa jicho, huondolewa kwa upasuaji mfupi wa ganzi na wengi hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili. Kama ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinalindwa, na ndiyo sababu sipendi mkae mkisubiri msimu ujao.

Gharama isiwazuie. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wana msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Anzieni kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii, baba apate utambulisho wake kabla ya kufika dirishani, kwani ugomvi wa dirishani ndio unaomfanya mzee aseme "nirudisheni nyumbani".

Sasa nikuseme kidogo wewe na kaka yako, kwa heshima. Mmemtoa baba kwenye mikorosho kwa mapenzi. "Mzee pumzika, sisi tupo." Maneno matamu, na ndiyo ninayoyasikia kwenye familia nyingi za Newala, Tandahimba hadi Masasi ambako mzee amezimika. Mtu aliyepulizia mikorosho dawa ya salfa miaka na miaka, akapalilia, akaokota, akafunga magunia, akajua kila mti kwa tabia yake, asubuhi moja anaambiwa kazi yake ni kula. Mwenye akaunti ni mwanawe. Akitaka hela ya sukari anaomba. Halafu tunashangaa anasema "msihangaike na hela zenu". Umesikia alivyosema? Zenu.

Na hapo kuna jambo la mila ambalo wewe wa Mbagala unaweza usiliwaze. Kwa Wamakonde wa zamani, kama kwa Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mali ya mwanamume iliwaelekea wapwa zake. Siku hizi watoto wanarithi baba zao, sheria na dini vimeingia, na nyumba nyingi hazijakaa zikayaweka sawa mambo haya mawili. Mzee anaona mwanawe kashika mikorosho, dada yake ananong'ona, wapwa wanapita wakiangalia mipaka, naye yu hai. Kuona unagawanywa ukiwa ungali unapumua kunakatisha tamaa kuliko ugonjwa. Shangazi anaposema karogwa kwa ajili ya mikorosho, mimi nasikia mtu anayesema mikorosho haijazungumzwa. Izungumzeni, tena yeye mwenyewe awe mwenye kikao, na maneno yake yaandikwe.

Jambo jingine la kuuliza polepole: nyumba anayokaa iko kwenye ardhi ya ukoo wa nani? Kama alihamia upande wa mama yenu alipooa, kwa desturi ya kule, basi kifo cha mama kimemfanya mgeni mahali alipoishi zaidi ya nusu ya umri wake. Mjane ana eda, ana wanawake wanaokuja kukaa naye, ana ruhusa ya kulia. Mgane anapewa mkono siku ya tatu na ushauri wa kuoa. (Kuoa si tiba ya sonona. Nimeona watu wawili wenye huzuni wakiwekwa nyumba moja.) Mruhusuni amtaje mama yenu. Mkizungumza naye, litajeni jina lake nyinyi kwanza.

Mrudishieni kazi, ila iwe kazi ya kweli. Wazee wanaijua kazi ya kubembelezwa, na inawatia aibu. Msimu ukifika, kuchambua korosho ghafi kabla ya kupeleka ghalani ni kazi ya kukaa, inayotaka mkono unaojua zaidi ya macho: ipi imejaa, ipi ni nyepesi, ipi imelowa. Mkekani pale, yeye ndiye aseme hii inakwenda daraja la kwanza na hii irudi. Kuamua siku ya kuanza kupalilia liwe neno lake. Hela ya mnada ikiingia, kaka akae naye, ataje kiasi chote kwa sauti, baba aseme ngapi zinakwenda wapi, na fungu lake awe nalo mfukoni, noti, si kwenye simu asiyoiona. Hata akizigawa zote kwa wajukuu siku ya pili, ni zake.

Na wewe ubadilishe simu zako. "Umekula? Umelala? Dawa umemeza?" hayo ni mahojiano ya wodini. Muombe kitu. Baba yako alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kidogo wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha mikorosho yao mbali. Uzalishaji wa nchi uliofika tani kama 145,000 msimu wa 1973/74 ulianguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiri unga ukala maua, mashamba yakageuka pori. Watu wa kizazi chake ndio waliorudi, wakafyeka, wakajifunza salfa. Muulize walirudi vipi. Nani alianza? Walikula nini miaka ile? Mpe mjukuu simu arekodi. Mtu aliyekata tamaa anaamini hakuna alichowahi kukishinda, na kumbishia kwa mawaidha ni kazi bure, ila akisimulia mwenyewe anajisikia akijijibu. Mara ya kwanza atakupa maneno matatu. Piga tena baada ya siku chache, uliza pale alipoishia.

Nifike kwenye zito. Wazee ni miongoni mwa watu wanaojiua kwa wingi zaidi duniani, hasa wanaume waliofiwa na wake, wenye maumivu na wanaojiona mzigo. Baba yako ana mambo hayo zaidi ya moja. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, hilo limechunguzwa vya kutosha. Aulizwe wazi, na mtu anayemwamini: "Mzee mwenzangu, kuna usiku unatamani usiamke? Umewahi kufikiria kujidhuru?" Kutamani kutoamka ni jambo moja, kuwa ameshafikiria atafanyaje ni jingine, na hilo la pili ni dharura: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo. Na kabla hata ya kuuliza, leo jioni, mpigie kaka umwambie atoe viuatilifu vya mikorosho ndani ya nyumba. Najua vinakaa uvunguni au kwenye kona ya chumba cha mzee kwa sababu vina bei na vinaibiwa. Vihamie kwenye stoo yenye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Naliweka hili mbele ya ushauri wangu wote mwingine.

Tiba ya sonona yenyewe ipo. Kama hospitali ya wilaya haina mtu wa afya ya akili wa kumwona, waombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, ambayo kwa Mtwara ni Ligula. Zipo tiba za mazungumzo ambazo hazihitaji mzee alale kwenye kochi, ni kukaa, kutaja tatizo moja, kutafuta hatua moja ndogo, na kurudi wiki ijayo kusema imekuwaje. Zimbabwe wamewafundisha mabibi wa mitaani kufanya kazi hiyo wakiwa wamekaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi Kusini baraza tunayo tayari. Mzee mwenzake mmoja mwenye kifua cha siri, anayepita kila Jumatatu na Alhamisi baada ya Alasiri, ni sehemu ya dawa.

Dawa za vidonge nazo zinasaidia pale sonona imekuwa nzito. Mjue mambo machache. Hazifanyi kazi siku ya tatu, zinachukua wiki nne hadi sita au zaidi kidogo kwa mzee. Akipata nafuu haziachwi hapo hapo, huendelea miezi kadhaa na huachwa taratibu kwa kauli ya daktari. Na muwe wepesi kuuliza dawa gani. Amitriptilini ni ya zamani na inapatikana kwa urahisi, lakini kwa mzee inaweza kuziba mkojo, kuleta choo kigumu, kuchanganya akili na kumwangusha akisimama. Kwa mwenye shida ya tezi dume siitaki kabisa ikiwa kuna nyingine, kama fluoksetini au setralini. Diazepamu ya kununua dukani "alale" msimpe. Atalala, kisha ataamka kwenda nje gizani na kuvunjika nyonga.

Kuhusu mganga, sitaki ugombane na shangazi. Yeye ndiye anayemwona baba kila siku, na yeye ndiye atakayempelekea uji asubuhi, kwa hiyo mpe kazi badala ya kumpa hotuba. Mwambie: "Shangazi, tuanze hospitali, majibu tuyasikie wote." Kama wanataka dua, dua ina mahali pake. Nisichokikubali ni kupigwa ramli ya kumtaja mchawi. Anayetajwa mara nyingi ni bibi mwingine wa kijiji hicho hicho, maskini, mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, halafu tunakuwa na wazee wawili waliokata tamaa.

Na Dar? Nielewe, nia yako ni njema, lakini nisingemhamisha sasa. Mbagala utamweka wapi? Utatoka alfajiri utarudi usiku. Atabaki na televisheni na mlango wa kufunga, hajui msikiti uko mtaa gani, hakuna anayemwita kwa jina la baba yake, na mkojo ule ule sasa unagombea choo cha wapangaji. Mzee mwenye kujiona mzigo anayeletwa kwa mtoto anayepanga chumba anapata ushahidi wa anachokiamini. Kama vipimo vitataka hospitali kubwa, mlete kwa miadi, na tangu siku ya kupanda basi umwambie tarehe ya kurudi, nayo uitimize. Hela ya nauli ya kumhamisha, ifanye nauli yako wewe. Nenda ukakae naye wiki moja kipindi ambacho si cha sikukuu wala msiba, umfulie kanzu, mkae mkekani.

Safari ya hospitali isingoje likizo yako. Kaka ampeleke wiki hii, na aongozane na yule mtu wa rika lake ili ndani ya chumba cha daktari kuwe na mtu wa kusema habari ya mkojo. Majibu yakitoka niandikie, hasa ya tezi dume, sukari na macho, na uniambie pia alisema nini alipoulizwa lile swali zito. Akianza dawa, tuongee tena wiki ya nne, mapema zaidi kama anazidi kunyamaza.